Nilisoma vitabu saba, mama akaacha dawa

Chumbani kwangu Dar es Salaam nina vitabu saba vya kujiendeleza, na vyote nimevipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Ungeniuliza mwaka jana, ningekueleza vizuri namna ya kupanga asubuhi, kuweka akiba na kuelewana na watu. Ungemuuliza mama yangu, angekwambia binti yake anaongea sana.

Mama anaishi Matwebe, wilayani Rungwe, nyumbani nilikozaliwa. Ana miaka 61, na aligundulika kuwa na presha miaka minne iliyopita. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika mara nyingi kwamba kipimo cha 140 kwa 90 kwenda juu si cha kupuuza, kwamba mtu anaweza kuwa na presha bila kusikia dalili yoyote, na kwamba isipodhibitiwa inaweza kuleta kiharusi au kuharibu moyo na figo. Makala zikitoka nilimsomea mama kwa simu. Alikuwa akijibu, "Ndaga, mwanangu." Nami nilikata simu nikiamini kazi imekwisha.

Mwezi wa nne mwaka jana, mvua zikiwa kali, mdogo wangu alinipigia simu alfajiri. Mama ameamka kichwa kinamgonga na macho yana ukungu. Walipomfikisha Tukuyu, kipimo kilisoma 190 kwa 110. Nilipanda basi kesho yake.

Nilimkuta amesharudi nyumbani, ametulia. Nikiwa natafuta sukari jikoni, nilifungua kopo moja kuukuu. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya miezi mitatu, havijaguswa.

Nilifoka. Nilimhutubia mama yangu kama niko kwenye semina, takwimu juu ya takwimu. Mama hakujibu neno, aliendelea kumenya ndizi. Mdogo wangu aliniita nje akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, wewe umewahi kumuuliza kwa nini?"

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka kitabu cha Stephen Covey kilichotoka mwaka 1989, kinachoeleza tabia saba za watu wanaofanikiwa. Tabia ya tano inasema umwelewe kwanza mwenzako, ndipo utafute kueleweka. Hapo nilikuwa nimepiga mistari miwili. Kumbe kupiga mstari si kutenda.

Asubuhi nilivuta kigoda nikakaa naye karibu na moto. Nilimwuliza, "Mama, vidonge vinakusumbua nini?" Kisha nikanyamaza. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko mtihani wowote wa chuo. Chai ilichemka, ikaepuliwa, ndipo akaanza kusema.

Aliambiwa ameze dawa mara moja kwa siku. Akachagua usiku, maana ndipo anapokuwa ametua mzigo. Lakini moja ya dawa zile ilimpeleka haja ndogo mara tatu, mara nne kwa usiku. Choo chetu kiko nje, nyuma ya migomba, na mvua ikinyesha njia yake ni utelezi mtupu. Usiku mmoja alianguka akaumia mkono. Hakumwambia mtu.

"Ningesema nini? Kwamba nimeanguka nikienda chooni?" aliniuliza.

Kwa kuwa hakujua ni kidonge kipi kati ya viwili kinachomsumbua, aliacha vyote. Na kwa kuwa hakusikia maumivu, aliona amepona.

Miaka yote ile nilikuwa nikimfundisha hatari ya kiharusi, wakati yeye alikuwa akiogopa kuvunjika kiuno gizani. Alikuwa na sababu ya maana, ila hakuna aliyemuuliza.

Tulirudi kwa daktari pamoja. Mama aliona aibu, nikamwanzishia, akamalizia mwenyewe. Daktari alieleza kuwa dawa ile husaidia figo kutoa maji na chumvi mwilini, hivyo ni kawaida kwenda haja ndogo zaidi baada ya kuimeza, na kwamba inafaa imezwe asubuhi. Dawa zilibaki zilezile, ila saa ikabadilika. Msomaji, usibadilishe saa wala dawa bila kumwuliza mtaalamu wako, maana dawa za presha si za aina moja.

Funzo la pili nilililotoa kwa James Clear, aliyeandika kuhusu tabia ndogondogo mwaka 2018. Anashauri jambo jipya ulifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Asubuhi ya mama ina kitu kimoja kisichokosa, nacho ni chai. Tukaweka vidonge pembeni ya kopo la majani ya chai. Akishabandika sufuria, anameza kwa maji. Kengele ya simu tuliiacha, kwa sababu simu yake mara nyingi haina chaji.

La tatu ni kuhusu siku. Wengi tumeshika kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Maneno hayo yanatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Watafiti wa chuo cha University College London walipofuatilia watu 96, waliona ilichukua wastani wa siku 66 tabia kuwa ya kawaida, wengine 18 na wengine zaidi ya 200. Waliona pia kuwa kukosa siku moja hakubomoi kilichojengwa.

Hilo liliniokoa. Siku ya 19 mama alipata msiba wa jirani. Kwetu msiba si wa saa moja, akina mama wanalala huko na kupika huko. Alirudi baada ya siku tatu hajameza kitu. Mimi wa zamani ningefoka. Safari hii nilimwuliza alikwama wapi. "Sikubeba," alisema. Basi. Sasa ana kichupa kidogo anachokifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na hela yake. Tulikumbushana pia kwamba dozi ikipita, hamezi mbili kwa mpigo kufidia.

Si kila kitu kilifanikiwa. Nilimnunulia daftari aandike vipimo vyake, akaandika siku nne akaliacha. Nilimpangia mazoezi ya kutembea, akacheka mpaka akakaa chini, maana kila siku anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Chumvi tunavutana hadi leo.

Mwezi uliopita kipimo chake kilisoma 138 kwa 84. Sijasema tumeshinda, presha ni ya kuishi nayo. Lakini kopo lile linapungua vidonge, na Jumapili nikipiga simu mama ndiye anayeongea zaidi.

Kitabu cha nane nimeshakinunua, bado sijakifungua. Nimejiwekea sharti kwamba sianzi kingine kabla jambo moja la kile kilichotangulia halijaingia nyumbani mwangu.

Nawe kama una mzazi anayemeza dawa, leo usimfundishe kitu. Muulize anameza saa ngapi na nini kinamsumbua, kisha nyamaza mpaka chai iive.