Amana ya Shanga 108

Katika kabati la chumba ninacholala, rafu moja chini ya ile yenye Msahafu wa marehemu baba yangu, kuna kifuko cha kitambaa cha rangi ya zambarau. Ndani yake mna shanga za mti ambazo si mkufu wa mke wangu, wala si tasbihi yangu. Wageni wachache waliowahi kuziona wameniuliza, "Mwalimu, na hizi je, ni za nini?" Kwa miaka mingi nilijibu kwa mkato kwamba ni zawadi ya rafiki. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilificha jambo. Sasa nimepita umri wa miaka 75, na naona ni afadhali nilieleze lote.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari katika Mkoa wa Tanga. Tulikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wa hisabati, tukaletewa kijana wa Kijapani, mmoja wa wale wa kujitolea ambao nchi yao ilianza kuwatuma ng'ambo mwaka 1965. Alikuwa mpole, mwenye bidii, na Kiswahili chake kilikua haraka kuliko mahindi ya masika. Wanafunzi walimpenda.

Haukupita muhula, uvumi ukaanza. Ilisemekana kwamba kila asubuhi, kabla ya kuingia darasani, mwalimu huyo hujitenga chini ya mwembe, hutoa shanga mfukoni, huzizungushia viganjani, hufumba macho na kunong'ona. Mzazi mmoja alinijia ofisini akaniambia waziwazi kwamba ile ni hirizi, na kwamba watoto wanafungwa akili. Msomaji unaweza kucheka, lakini mwalimu mkuu mwenye wazazi wakali mlangoni hacheki. Nilimwita yule kijana nikamwambia "vitu vile" asije navyo tena shuleni. Sikumwuliza ni vitu gani. Aliinama kidogo, akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akatoka.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi asiadhibiwe kabla ya kusikilizwa. Somo hilo nililitumia kwa watoto miaka yote. Kwa mwalimu mwenzangu nililisahau.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Siku ya hitima, wanaume tukiwa tumeketi kwenye majamvi nje ya nyumba, nilimwona yule kijana akija peke yake. Alivua viatu, akaketi pembeni kabisa, mkono wake ukiwa mfukoni, macho yake kwangu. Nilielewa kwamba alikuwa akiomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Akatoa shanga zake, akazipitisha kwenye viganja viwili vilivyokutana, akainamisha kichwa.

Ndipo ikanifikia harufu. Ilikuwa harufu ya liwa. Shanga zile zilichongwa kwa msandali, mti uleule ambao mama zetu wa pwani husugua wakapata liwa ya kujipaka. Mama yangu alinukia hivyo siku zote za uhai wake. Tangu azikwe nilikuwa sijalia, kwa kuwa mtoto mkubwa wa kiume ana mengi ya kusimamia. Siku hiyo nililia.

Mjomba wangu, mzee aliyekuwa hashuki tasbihi mkononi, alimsogelea kijana.

"Hiyo yaitwaje, mwanangu?"

"Juzu, mzee."

"Juzuu? Kumbe nawe wasoma!" Mjomba alidhani ametaja juzuu ya Kurani. Kijana akaeleza kwamba kwa Kijapani juzu ni shanga za kuhesabia sala, za Wabudha.

"Zipo ngapi?"

"Mia moja na nane, ukiacha hizi kubwa."

"Sisi tisini na tisa, au thelathini na tatu ukazizungusha mara tatu. Basi mmetuzidi tisa." Watu wakacheka kwa sauti ya chini, kicheko cha msibani. Mjomba akasogea, akampa nafasi katikati ya jamvi, akamwuliza kwa nini 108.

Mwalimu wa hisabati hakusema. Alisogea ukingoni mwa jamvi akaandika mchangani kwa kidole. Milango ya kupokelea dunia ni 6: macho, masikio, pua, ulimi, mwili na akili. Kila kinachoingia huwa ama kinapendeza, ama kinachukiza, ama si hiki wala kile. 6 mara 3 ni 18. Kila kimoja mtu anaweza kukishikilia au kukiacha. 18 mara 2 ni 36. Na hayo hutokea katika wakati uliopita, uliopo na ujao. 36 mara 3 ni 108. Hizo ndizo hesabu za tamaa na mahangaiko ya binadamu, akasema, na usiku wa mwisho wa mwaka mahekalu ya kwao hupiga kengele mara 108 ili mtu ayaache nyuma. Zipo juzu fupi zenye shanga chache zaidi, nazo ndizo wengi wanazobeba kwenye misiba, lakini zile zake zilikuwa kamili, alizopewa na bibi yake. Akatuonyesha ule ushanga mkubwa ambapo uzi unafungwa. Kwa Kijapani huitwa oyadama, maana yake ushanga wa mzazi. Mjomba akautazama, akanitazama mimi niliyefiwa, akasema, "Hata hapa uzi wategemea mzazi."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale, nikijifunza mbele ya waombolezaji jambo ambalo ningeweza kulijua kwa swali moja ofisini. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Lakini mimi nilikuwa na taa mkononi na sikuiwasha.

Aliondoka mwaka 1989. Siku ya kuagana alinikabidhi kile kifuko. Nikakataa; nilijua sasa kwamba juzu ni kitu cha mtu mwenyewe, hakiazimwi ovyo. Akasema, "Hizi zimekaa kwenye msiba wa mama. Zibaki hapa." Nikapokea. Ule ulikuwa wakati wa kumwomba radhi. Nilimpa mkono, nikamtakia safari njema, gari likaondoka.

Zawadi ya namna ile ni amana, na amana hutunzwa. Mimi nilianza kwa kosa. Nilikichukua kile kifuko nikakifunga ndani ya mfuko wa nailoni ili kisiingie vumbi. Joto na unyevu wa pwani vikafanya kazi yao, na baada ya masika mbili shanga zikaota ukungu. Nikamwandikia barua, naye akanijibu kwa kurasa mbili za maelekezo ambayo nimeyafuata hadi leo. Nitayataja, kwani yatamfaa yeyote mwenye tasbihi au rozari ya mti.

Shanga za mti hazioshwi kwa maji wala hazilowekwi. Zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kisha ziwekwe kwenye kifuko cha nguo kinachopitisha hewa, mbali na jua kali. Zisipakwe manukato wala mafuta; jasho la mkono likifutwa kila mara linatosha, na kwa miaka mti hugeuka rangi ukang'aa wenyewe. Harufu ya msandali ikififia, isugue kwa kitambaa na itarudi kidogo. Zisitundikwe msumarini, maana uzi hunyooka. Juu ya yote, kagua uzi. Shanga huweza kuishi kuliko sisi, lakini uzi hauishi hivyo. Kila baada ya miaka kadhaa hutungwa upya kabla haujakatika. Zisiwekwe chini mahali pa kukanyagwa, na mwenyewe huzishika kwa mkono wa kushoto.

Baadaye nilisoma habari za Wabudha wengine. Kule Tibet nao wana shanga 108, na wengi wao wakifika kwenye ushanga mkubwa hawauvuki, hugeuza wakarudi walikotoka. Wanawake wao hujipamba kwa feruzi, marijani na kaharabu, vito ambavyo watu wa pwani wanavijua kwa majina. Hivyo navyo vina masharti. Marijani huliwa na ndimu na siki, feruzi huharibiwa na mafuta na manukato, kaharabu huogopa moto. Hujipamba na kuomba kwa wakati mmoja, kwa sababu wapo wanaovaa kifuani kijisanduku cha fedha kiitwacho gau, na ndani yake huweka sanamu ndogo au karatasi ya dua. Niliposoma hayo nilitabasamu kwa uchungu. Hirizi ile niliyoikataza ilikuwepo kweli ulimwenguni, lakini haikuwa mfukoni mwa mwalimu wangu wa hisabati. Na hata ingekuwepo, ni wangapi kati yetu hatukufungwa hirizi na mama zetu tulipokuwa wachanga?

Mwaka 2019 mjukuu wangu, akiwa na miaka 14, alizitoa kabatini akazivaa shingoni kwenda harusini. Ziligeuka kuwa mkufu mzuri, siwezi kukana. Aliporudi, alipozivua, uzi ukakatika. Shanga zikatawanyika sakafuni, chini ya kitanda, hadi ukumbini. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake, kwani uzi ule nilikuwa nimeuacha zaidi ya miaka 10 bila kuukagua. Tulitambaa sote wawili na tochi. Tukazihesabu mezani mara tatu. Zilikuwa 107.

"Babu, utanichapa?" akaniuliza.

"Hapana. Niletee kalamu na karatasi."

Usiku ule niliandika barua niliyodaiwa tangu mwaka 1987. Nilimweleza rafiki yangu habari za ushanga uliopotea, kisha nikaeleza ile siku ya ofisini. Niliandika kwamba nilimhukumu bila kumsikiliza, na kwamba naomba anisamehe. Miaka 32 kwa sentensi mbili!

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, kwa Kiswahili kilichochakaa kidogo. Sikutegemea alichosema. Nilitumaini angeandika kwamba amekwisha sahau. Hakuandika hivyo. Aliandika kwamba anaikumbuka siku ile vizuri, na kwamba kwa mwaka mzima alipozihesabu shanga zake usiku chumbani, hasira juu yangu ilikuwa mojawapo ya zile 108, na ilikuwa ngumu kuvuka. Aliivuka pale jamvini, mjomba aliposogea kumpa nafasi.

Kuhusu ushanga uliopotea alinisimulia kisa cha zamani kilichomo katika maandiko ya Kibudha. Mfalme mmoja, nchi yake ikiwa na maradhi na nafaka imepanda bei, aliomba njia nyepesi ya ibada. Akaambiwa atunge mbegu 108 za mti ambao matunda yake hutoa povu kama sabuni, na atembee nazo daima. "Hata katika kisa hicho zilikuwa mbegu tu," aliandika. "Tia mbegu ya hapo kwenu."

Nyuma ya jiko letu umeota mtasbihi, ule mmea wenye maua mekundu na mbegu nyeusi ngumu ambazo watoto hutungia shanga. Aliniambia zamani kwamba Japani nako kuna mmea wa jamii ya nyasi ambao mbegu zake huitwa juzudama, yaani shanga za juzu. Basi watu wa mbali waliangalia mimea miwili tofauti wakawaza jambo moja. Mjukuu wangu alichuma mbegu ambayo haijakauka, tukaitoboa kwa sindano, tukaiacha ikauke. Kisha tukazitunga zote kwa uzi mpya imara, yeye akihesabu kwa sauti, mimi nikisukuma, hadi 108.

Mimi ni Mwislamu na sala zangu nina tasbihi yangu ya kuzihesabia. Juzu ile siisalii, naitunza. Kila Ijumaa jioni naitoa, naifuta kwa kitambaa, naukagua uzi. Shanga 107 ni za rangi ya kahawia, zimelainishwa na mikono ya bibi mmoja wa Kijapani ambaye sikumjua. Mmoja ni mweusi na umekwaruza kidogo. Kidole changu kikifika hapo husimama, nikamkumbuka mtu aliyesimama mbele ya meza yangu akisema, "Ndiyo, Mwalimu," nami sikumwuliza kitu. Kisha naendelea na ushanga unaofuata.