Kitako cha Bunduki ya Babu

Msomaji mpenzi, huenda katika maisha yako yote usishike bunduki, nami sikuombei uishike. Walakini kila bunduki ya kale ina sehemu mbili: chuma, ambacho kiko chini ya ulinzi wa sheria kali, na mti, ambao ni kazi ya seremala kama kiti au mlango. Habari nitakayokusimulia ni ya mti.

Babu yangu alikuwa mkulima karibu na milima ya Shimba, katika Kwale. Mwaka 1963 alinunua bunduki ya marisau yenye mitutu miwili kutoka kwa mlowezi aliyekuwa akirejea kwao Uingereza. Haikuwa mpya hata siku ile. Chuma chake kilikuwa na chapa za Birmingham, mji wa Kiingereza ambao nyumba yake ya kujaribia bunduki ilianzishwa mwaka 1813. Na kitako chake kilichongwa kwa mjozi, mti wa nchi za baridi. Mafundi wa bunduki waliupenda mjozi kwa sababu una nguvu bila ya kuwa mzito kupita kiasi, haupasuki upesi kwa mshindo, na ukisha kukauka vizuri haupindi. Mpingo wetu ni mgumu kuliko huo, lakini nani angebeba mpingo begani kutwa nzima?

Zamani zile mwenye kibali aliweza kuwinda, na babu alileta kanga na kwale nyumbani. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini, na tangu hapo bunduki ilibaki na kazi ya kulinda mahindi kwa mlio wake. Babu alifariki mwaka 1994. Bunduki hairithiwi kama mbuzi au mnazi. Ilipelekwa kituo cha polisi, na ami yangu, mdogo wake baba, akaomba kibali kwa jina lake mwenyewe. Kwa desturi ingalimpasa mwana wa kwanza, yaani baba yangu, kuomba. Lakini babu alikuwa amesema mara nyingi, tena mbele ya watu, kwamba mkono wa mwanawe mkubwa haufai kuaminiwa silaha. Baba hakubisha. Nilikua nikiyasikia maneno hayo arusini na matangani bila ya kujua chanzo chake, na sikuthubutu kuuliza.

Likizo ya Agosti mwaka jana ami aliniita. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye alikuwa ameazimia kuirudisha bunduki polisi kabla ya mwaka kwisha. “Mwanangu,” aliniambia, “sitaki itoke mikononi mwangu ikiwa chafu. Nawe ulifundishwa useremala chuoni.” Ni kweli kwamba nilipokuwa nikijifunza ualimu tulikuwa na mkufunzi mmoja wa kazi za mikono, mtu mkali, aliyetufunza kuutazama mti kabla ya kuugusa. Nilikubali kwa sharti kwamba kazi yote ifanyike uani kwake, mbele ya macho yake. Ami alilegeza skrubu kwa mkono wake, akakifungia chuma ndani ya kasha, akautia ufunguo katika kamba shingoni mwake. Mimi nilipewa mti peke yake.

Kilikuwa kitu cha kusikitisha. Vanishi ya zamani ilikuwa imekatikakatika kama tope la bwawa lililokauka. Karibu na mahali ambapo mti hukutana na chuma palikuwa peusi kwa mafuta ya bunduki yaliyozama humo miaka mingi. Nakshi za mistari iliyopishana, zilizochongwa shingoni mwa kitako ili mkono usiteleze, zilikuwa zimejaa uchafu.

Mwanafunzi wa kazi hii hutamani kushika msasa mara moja na kusugua. Usifanye hivyo. Msasa hula mti pamoja na uchafu, na ukizila kingo zinazogusa chuma, mti utakuwa chini na chuma kitasimama juu yake kama meno yaliyotoka nje. Nilianza na dawa ya kulainisha vanishi, nikaikwangua kwa kipande cha ubao kisicho na makali. Nakshi nilizisafisha kwa mswaki wa meno. Kwa yale mafuta yaliyozama nilisaga chaki, mali ya mwalimu, nikaichanganya na spiriti mpaka ikawa kama uji mzito, nikaupaka mti na kuuweka juani. Spiriti iliporuka, chaki ilinyonya mafuta ikageuka rangi ya kahawa. Nikaipangusa, nikapaka nyingine. Nilirudia mara tano.

Hapo, kwa kuwa tumetaja vanishi, niruhusu nitoke njiani kidogo. Katika karne ya 19 watu wa Mrima walichimba sandarusi ardhini, utomvu wa kale uliogeuka kama jiwe, ukapelekwa Unguja, na kutoka Unguja majahazi makubwa ya Marekani yaliupeleka hadi Salem, katika Massachusetts, usafishwe na kufanywa vanishi. Samani nyingi nzuri za ng’ambo ziling’aa kwa utomvu wa pwani yetu. Na neno msasa lenyewe ni jina la mti wetu, ambao majani yake hukwaruza. Mafundi wa pwani walisugulia mbao kwa majani hayo.

Mti uliposafika, makovu yalionekana. Nataka uelewe jambo moja, maana hadithi yangu imesimama juu yake. Kovu la mti ni la namna mbili. Liko lililokatwa, ambalo nyuzi za mti zimetenganishwa, nalo halirudi. Na liko lililobonyea, ambalo nyuzi zimelazwa tu na kukandamizwa. Hili la pili huweza kuinuka. Hulowesha kitambaa cha pamba, ukakiweka juu ya bonde, ukagusa kwa pasi ya moto. Mvuke huingia ndani ya nyuzi, nazo huvimba na kusimama tena. Ami alileta pasi ya makaa ya marehemu bibi. Niliinua mabonde mawili madogo upande wa kulia, naye akastaajabu kama mtoto.

Upande wa kushoto, juu, mahali ambapo shavu la mpigaji hulala anapolenga, palikuwa na bonde kubwa kuliko yote, upana wa shilingi. Humo vanishi haikushika kamwe. Ilikuwa ikibanduka kila ilipopakwa. Nilipopitisha kitambaa cha spiriti, kilitoka cheusi tititi ilhali kwingine kilitoka cha hudhurungi. Nilikinusa. Kilikuwa na harufu ya viatu.

“Ami,” nilisema, “hii ni rangi ya viatu. Ina nta, na juu ya nta vanishi haishiki. Nani alipaka hapa?”

Ami hakujibu. Nililowesha kitambaa, nikashika pasi. Ilikuwa karibu kugusa aliposema, “Ngoja.”

Akanisimulia. Mwaka 1968 yeye alikuwa na umri wa miaka 11 na baba yangu 15. Babu alikwenda sokoni Kinango, wakaachwa kulinda mahindi. Baba akiwa upande wa pili wa shamba, ami aliingia chumbani akaitwaa bunduki, ambayo kwa rehema ya Mungu haikuwa na risasi, akapanda nayo jiwe kubwa ili nyani wamwone. Ikamponyoka. Alipoliona lile bonde jeupe katika mti alikimbia akachukua kopo la rangi nyeusi ya viatu, akalijaza. Siku ya tatu babu aliinua bunduki kulenga, akarudi kisimani na duara jeusi shavuni, na wanawake wakacheka. Babu hakuwa mtu wa kuchekwa. Kopo la rangi lilikuwa katika amana ya baba yangu, ambaye kila Ijumaa alipiga viatu vya babu. Aliitwa yeye. Alikana, na kukana kukahesabiwa kosa la pili. Alipigwa viboko, na neno la mkono usioaminika lilizaliwa siku ile.

“Nami nilisimama mlangoni,” ami alisema. “Nilisimama tu.”

“Baba anajua?”

“Sijui kama anajua. Hajaniuliza, sijamwambia.”

Msomaji, sitakuficha: nilimkasirikia. Nilikuwa nimemheshimu mzee yule tangu utoto, na sasa nilimwona amekalia kiti cha mwenzake kwa miaka mingi, kisha ameniita mimi, mwana wa aliyepigwa, nije nimfutie alama. Tena pasi ilikuwa moto, na kazi yenyewe ni ya dakika tano. Niliirudisha pasi juu ya kiti chake. Nikamwambia kwa adabu, lakini sauti ilinitetemeka, kwamba bonde lile si langu kuliinua.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, “Kaka anakuja Jumapili. Fanya kwingine.”

Nikafanya kwingine. Nilisugua kwa msasa laini nikifuata mkondo wa mti. Nikaulowesha kwa maji ili vinywele vyake visimame, nikaacha ukauke, nikavikata tena kwa msasa, mara tatu, mpaka maji hayakuamsha kitu. Lile bonde nililizunguka.

Jumapili baba alikuja kwa matatu ya asubuhi. Baada ya chai ami alikileta kitako, akakiweka mapajani pa baba, akakishika kidole gumba cha kaka yake na kukitia ndani ya bonde. Alisema maneno machache tu, akimtazama chini. “Ni mimi, kaka. Ile siku ya nyani.”

Baba alikipitisha kidole pale mara kadhaa. Nilitarajia mambo mengi, na nilikuwa nimejitayarisha kuingia kati. Alichosema sikukitarajia: “Miaka yote hii nilidhani mdogo wa jirani aliingia, kwa kuwa mimi niliacha mlango wazi. Nilikuwa nikijilaumu kwa mlango.”

Ami alilia. Baba hakumkataza, wala hakumbembeleza, aliketi tu. Kisha akanigeukia akauliza kama mti huu huweza kunyooka. Nilisema kwamba huweza, kama nyuzi hazikukatika. “Basi leta moto,” alisema. Nikatia makaa, lakini baba aliikataa pasi nilipompa, akamwonyesha mdogo wake. Ami aliishika. Mikono yake haikutulia, basi baba alimshika kifundo cha mkono, wakabonyeza pamoja. Maji yalilia, mvuke ukapanda. Walifanya hivyo mara nne, wakilowesha kila mara. Bonde lilipanda, likawa sawa na mti uliobaki, ila palibaki mstari mmoja mwembamba kama unywele, mahali ambapo ncha ya jiwe ilikata nyuzi. Nilieleza kwamba huo hautoki ila kwa kuuchonga mti wote kuufuata. Wote wawili walikataa kwa pamoja.

Yaliyosalia yalikuwa mafuta ya kitani. Hutiwa matone machache tu, yakasuguliwa kwa kiganja mpaka kiganja kiungue, yakaachwa siku nzima yakauke kabla ya kutiwa mengine. Mwenye haraka hupaka mengi, akapata utando unaonata kama ulimbo. Na jihadhari na vitambaa: mafuta haya hukauka kwa kuvuta hewa, nayo hutoa joto yanapofanya hivyo, vitambaa vilivyokunjwa na kurundikwa huweza kuwaka bila ya kiberiti. Sisi tulivianika kimoja kimoja uani.

Baba ndiye aliyepaka. Kila asubuhi baada ya chai alikaa juu ya mkeka na kitako mapajani, ami kando yake akiuliza kama tone moja latosha, na rangi ya mjozi ikazidi kutoka, nyekundu chini ya nyeusi. Ilichukua siku kumi na mbili. Baba alikuwa amekuja na nguo za siku moja, akavaa kanzu za mdogo wake, ambazo zilimfika juu ya vifundo vya miguu.