Tumbo ni la Muuzaji

Ukitaka kumpima simba, ulizia kwanza jana usiku alikula nini. Simba dume wa kawaida wa Afrika Mashariki ana kilo 175 hivi, na akiangusha nyati au ngamia anaweza kufakamia nyama inayokaribia robo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Mpandishe kwenye mizani alfajiri, atazidi kilo 200. Mpandishe baada ya siku nne za kuranda na njaa, utadhani umeletewa simba mwingine. Mizani imesema kweli mara zote mbili. Mara ya kwanza ilikuwa imempima simba pamoja na nyati.

Vijana wetu hapa Garissa wana ubishi usiokwisha: simba na chui milia, nani mkubwa? Wanatoleana takwimu kwenye simu chai ikipoa. Upande wa chui milia huringa na yule aliyepigwa risasi kaskazini mwa India mwaka 1967, kilo 389, ambaye sasa yuko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Wanachokiruka ni kwamba alikuwa amekwisha kumla nyati wa kufugwa aliyetumiwa kama chambo. Chui milia dume wa India, wa kawaida, ana kilo 200 na ushei. Na yule wa Siberia, ambaye masimulizi humfanya jitu, watafiti wa miaka ya karibuni wanapompima hutoa wastani wa kilo 176 kwa dume, sawasawa na simba wetu.

Ubishi huo sioni ajabu yake, maana soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya makubwa kabisa Afrika Mashariki, linaishi kwa ubishi wa namna hiyo hiyo. Ng'ombe hutoka pande za Liboi na hata ng'ambo ya mpaka, Somalia. Wametembea, wamechoka, na mwenye mali hataki waingie sokoni mbavu zikihesabika. Wapo wanaowalambisha chumvi kisha wakawaacha wanywe maji mpaka ubavu ujae kama ngoma. Mnunuzi mgeni anaona ng'ombe mnene. Dalali mzoefu haoni kitu hapo. Anamzunguka mnyama polepole, anaweka vidole juu ya kiuno, pembeni mwa uti wa mgongo, anabonyeza apate kujua mfupa uko umbali gani chini ya ngozi. Anapapasa nundu. Anashika shina la mkia, kwa sababu mafuta ya hapo hayaji kwa siku moja. Ndipo anapoingiza mkono chini ya shuka, anashikana vidole na dalali wa upande wa pili, na bei inapandishwa na kushushwa bila mtu wa tatu kujua.

"Adeer, huyu si amenona?" kijana mmoja alimwuliza mzee niliyekuwa nimesimama naye.

"Kijana wangu, tumbo ni la muuzaji. Wewe unanunua mgongo."

Tangu siku hiyo kila karamu ninayohudhuria hunikumbusha neno la mzee. Hapa mjini mtu atachinja ngamia wawili kwa arusi ya binti yake, kisha miezi mingi baadaye unamwona akipita nyuma ya duka ili asiitwe kuhusu deni. Simcheki. Najua uzito wa jicho la jirani. Lakini nimeacha kuamini karamu kama ushahidi wa hali ya mtu.

Ushahidi wenyewe hukaa pengine. Wale simba wawili wa Tsavo waliokula wafanyakazi wa reli mwaka 1898, Kanali Patterson aliyewaua alikuja kudai kwamba walikula watu 135. Ngozi na mafuvu yao yako Chicago. Mwaka 2009 wanasayansi walichunguza chembechembe za nywele na mifupa ya simba hao ili kujua walikuwa wakila nini. Nywele hueleza miezi ya mwisho ya mnyama, mfupa hueleza miaka yake. Hesabu yao ilikuja kama watu 35, na mmoja wa simba alikuwa amekula wengi zaidi ya mwenzake. Watu 35 ni msiba mkubwa usiohitaji chumvi. Sifa ndiyo iliyotaka mia moja zaidi.

Nikirudi kwenye ubishi wa vijana: kwa wastani wa mwaka, simba na chui milia hula karibu sawa, kilo tano hadi saba za nyama kwa siku. George Schaller, aliyemfuata chui milia katika hifadhi ya Kanha, India, kisha akaja Serengeti miaka ya 1960 kumfuata simba, alikuta madume yakila kama kilo saba na majike kama tano. Tofauti iko katika namna ya kula. Chui milia huwinda peke yake, huburuta windo lake kichakani, akalifunika kwa majani na kulirudia siku tatu nne mpaka liishe. Akivunjika jino au mguu, hana wa kumlisha. Simba hula kwa kundi na kwa papara, kila mmoja akinguruma na makucha yakiwa nje. Dume huja akachukua fungu lake, na watoto hupata kilichobaki. Nyama ikiwa nyingi, hakuna anayeliona hilo kuwa tatizo. Ikiadimika, wanaokufa ni watoto, ilhali wakubwa wanalala na matumbo yaliyojaa hatua chache kutoka pale. Mtu akisifu umoja wa simba mbele yangu, humwuliza ameutazama msimu gani.

Msimu ndio kila kitu. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, tuliona mambo. Desemba 2021 huko Sabuli, Wajir, twiga sita walikufa baada ya kukwama kwenye matope ya bwawa lililokuwa likikauka. Watu wakawaburuta kando ili wasichafue maji yaliyosalia. Wakati kama huo anayenona ni mla nyama: mizoga iko kila mahali, na mnyama aliyedhoofika hakimbii. Njaa ya simba huja baadaye, mvua inaponyesha. Swala na pundamilia waliosalia wanapata nguvu na kutawanyika, na simba anageukia zizi. Baada ya ukame wa 2009 kule Amboseli, wala majani walikuwa wameisha kiasi kwamba mwaka 2010 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilianza kuwahamishia huko pundamilia kutoka Bonde la Ufa, ili simba na fisi waache ng'ombe wa Wamaasai.

Sisi pia tulikuwa na walionona katika ukame wetu. Ng'ombe alinunuliwa kwa bei ya mbuzi, na aliyekuwa na fedha taslimu na lori alijaza tumbo. Biashara ni biashara, na lau wasingenunua, ng'ombe wangeoza njiani. Ila sikuweza kuuita unono ule utajiri, kwa kuwa uliotoweka ulikuwa mtaji wa wote, wao wakiwemo.

Mwishoni mwa 2023 El Niño ikaja, Tana ikavunja kingo, na barabara ya kuingilia mjini kutoka Madogo ikawa ya mashua. Maji yalipopungua kila mfugaji alitaka majike ili aanze upya. Yule mzee nilimkuta akizunguka jike mmoja aliyekonda, pembe moja imevunjika, ndama ubavuni. Kijana akamwambia kuna mwingine mnene pale nyuma, ameshiba vizuri. Mzee hakugeuka. Aliuliza huyu alikuwa wapi ukame wote. Akaambiwa Hulugho, na kwamba alizaa humo humo na ndama akaishi. Alibonyeza kiuno akakuta mfupa mtupu, akaingiza mkono chini ya shuka hata hivyo. Kwa jinsi muuzaji alivyoondoka akitabasamu, nadhani alilipwa bei ya ng'ombe mnono.