Karata za kimyakimya

Mama yangu hacheki na mtu kwenye karata. Alitufundisha albastini tukiwa wadogo, mimi na kaka, na ukitupa turufu ovyo unaambiwa hapohapo kwamba umerithi akili za upande wa baba. Kwa hiyo binamu yangu alipotua na kiboksi kutoka Uingereza, akatangaza kwamba humu wote mnashinda au wote mnashindwa, Mama aliuliza: "Sasa raha iko wapi?"

Mchezo wenyewe umetoka 2025, kazi ya Bryan Bornmueller, na unafuata kitabu cha kwanza cha *The Lord of the Rings* cha Tolkien. Picha zake zimechorwa kama vioo vya rangi vya kanisani. Hakuna kopa wala shupaza. Kuna milima, vilima, misitu na vivuli, kila aina 1 hadi 8, halafu pete 1 hadi 5. Lazima ufuate aina iliyoongoza ukiwa nayo, mwenye kubwa anakula. Hadi hapo Mama alikuwa nyumbani kabisa.

Kinachobadilika ni kwamba kila mtu ana mhusika na sharti lake. Aliyegawiwa pete namba 1 ndiye Frodo, na anatakiwa kukusanya pete. Gandalf ale walau mara moja. Pippin asimzidi yeyote kwa kula. Ile pete ya 1 ndiyo turufu, ila si lazima: mwenye nayo anaamua mwenyewe kama inakula au inapita tu kama karata ndogo. Na huruhusiwi kusema una nini mkononi.

Hilo la mwisho kwetu lilikuwa mzaha. Mimi na kaka tulikuwa na miezi minane hatusemeshani zaidi ya salamu. Niliuza kiwanja cha marehemu baba kulipia matibabu ya Mama bila kumwambia. Habari alizipata kwa majirani.

Kaka akapata Frodo. Mama Gandalf. Mimi Pippin, na mkononi nina 8 ya vilima ninayoiogopa kama deni. Tumebakiza karata mbilimbili, nimeshakula mara moja na Mama mara moja, binamu akaongoza kilima. Sina kingine. Nikaweka 8 yangu. Mama akafuata na kidogo. Kaka akaishika karata moja, akairudisha, akatupa 2 ya vivuli. Nikala mimi. Ya mwisho nayo haikuniokoa. Tumeshindwa wote.

Mama akaifunua karata iliyobaki ya kaka: pete ya 1.

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na mwenzio umemwona amekwama."

"Ningejuaje? Hakusema."

Nikasema, "Kaka, sheria inakataza kusema."

"Wewe siku zote kuna sheria inakukataza."

Binamu yangu maskini akaanza kusoma kijitabu cha maelekezo, ambacho alikuwa anakijua kwa kichwa. Mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali magumu na kuandika majibu yao. Pale sikuwa na swali wala jibu. Nilikuwa nimeahidi.

Mama akazikusanya karata zote 37, akazigonga mezani zikae sawa. "Mimi ndiye niliyemkataza," akasema, bila kumtazama yeyote. "Kiwanja. Nilimwambia ukijua utakopa, na wewe una watoto."

Kaka alikaa muda mrefu. Mimi nilitazama feni.

"Mama, ungeniacha nikope," akasema mwishowe.

"Nilijua utasema hivyo."

Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Alizichukua karata, akazichanganya vizuri, akaziweka mbele yangu nikate. Boksi lina sura 18 na sisi tulikuwa bado hatujavuka ya kwanza. Saa nne usiku Mama alikuwa anamkaripia binamu kwa kuongoza mlima mkubwa mapema, na kaka aliniuliza, macho yakiwa kwenye karata zake, kama kule hospitali bado nadaiwa.