Mpaka wa Wali

Nyumbani kwetu Pangani, aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye aliyenawisha, na kwa miaka kama minne mdogo huyo nilikuwa mimi. Birika mkono wa kulia, bakuli mkono wa kushoto, taulo begani. Naanza kwa mgeni kama yupo, nafuata kwa babu, kisha baba, mpaka nifike kwa kaka zangu, ambao walikuwa wakinirushia maji ya usoni makusudi. Ukimimina mengi utasikia: "We, kwani umeyachota wewe?"

Wanaume tulikula barazani juu ya jamvi, wanawake uani. Likifunuliwa kawa, wali wa nazi umevimba kama kichuguu na mchuzi wa changu umemwagwa juu. Hatii mtu mkono mpaka babu apige Bismillahi. Upande wako ni ule ulio mbele ya magoti yako. Kuvuka mpaka ni uroho, na hilo tulishafundishwa chuoni kabla hatujazijua herufi zote. Samaki haguswi. Baba ndiye atakayemchambua, miba aiweke ukingoni, minofu aisukume kwa kidole kuelekea kwa kila mmoja, nasi macho yanapima nani kapata cha tumboni.

Kaka yangu wa pili alikuwa fundi wa kuchimba. Hamegi juu, anamega chini, kwenye ukuta uliomtenga na mwenzake, tonge moja moja, huku anatazama barabarani kama mtu asiye na habari. Mara ukuta unaporomoka na mnofu wangu unadondoka kwake. Kilicho mbele yake ni chake, nimlalamikie nani? Babu alikuwa akiona yote. Siku moja, mnofu ulipoanguka tu, alilishika sinia kwa mikono miwili akalizungusha nusu duara, akaendelea kula.

Vijiko vilikuwepo, msidhani. Mama alikuwa na dazeni moja ndani ya kabati la vioo, pamoja na uma sita, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga yake. Vilitoka akija mgeni wa serikali, na mgeni akiondoka vinahesabiwa kabla hajafika kona. Uma mmoja tu ndio uliopata kazi ya kudumu: ulichorea biskuti za Idi. Bibi alividharau vyote. Yeye alikagua vidole. Mafuta yakivuka pingili ya pili, atakuuliza umekula au umeoga.

Mwaka 1981 nikaenda shule ya bweni. Orodha ilitaka sahani, kikombe na kijiko. Mama alifungua kabati, akatoa kijiko kimoja, akakitazama kama anayemwaga binti. Nilikichora herufi za jina langu kwa msumari. Kilikuwa cha uji. Ugali na maharage tulikula kwa mkono, kila mtu na sahani yake. Ndiyo mara yangu ya kwanza kula bila goti la mtu kugusa langu. Cha ajabu, nilikula mbiombio kuliko nyumbani, na hakukuwa na wa kunichimba. Muhula wa tatu kijiko kikaibiwa, nikawa nakunywa uji kwenye ukingo wa sahani. Hilo la wizi sikuwahi kumwambia mama.

Aibu yenyewe niliipata Dar es Salaam, miaka ya tisini mwanzoni, kwenye semina iliyofanyika hotelini. Kisu kulia, uma kushoto. Nikakata kuku vizuri tu, nikainua uma, mkono ukagoma njiani. Mkono wa kushoto, mdomoni! Nilihisi kofi la bibi kisogoni, na bibi alishafariki siku nyingi. Nikaweka kisu chini, nikahamisha uma. Jirani yangu akaninong'oneza, "Ndugu, hivyo siyo." Baadaye nikaja kujua kwamba Wamarekani nao wengi hukata kwanza, kisha huhamishia uma kulia. Ningejua siku ile ningejitetea.

Kwetu sinia lilibaki la futari tu, na ilipokuja korona mwaka 2020 likapanda juu ya kabati. Halijashuka. Wanangu hula kila mmoja na sahani yake na kijiko chake, mmoja kwenye kochi, mwingine mlangoni na simu, na sina ugomvi nao. Nguo zao hazinuki mchuzi.

Mama siku hizi anakaa nasi. Mjukuu humpelekea chakula na kijiko. Anasema ahsante, anakiweka kijiko pembeni, ananawa. Kisha anakula kilicho mbele yake tu. Nusu ya pili ya sahani, ile ya ng'ambo, haigusi kabisa, wali umesimama wima kama ukuta. Upande wake ukiisha, hutulia kidogo, akashika ukingo, akaizungusha sahani.