Mtani Huja Msibani

Ndugu msomaji, je, ni halali kucheka mahali ambapo mtunzi alitaka tulie? Nilitoka na swali hilo katika ukumbi mmoja hapa Dodoma, Jumamosi moja usiku, nikiwa nimefuatana na mama yangu mzazi.

Vijana walikuwa wameigiza Makbeth, tanzia ya Shakespeare ambayo Samuel Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Lakini waliigeuza kichekesho. Makbeth alikuwa mtemi wa Ugogo, mwenye tumbo la kubandika na mgolole begani. Wachawi watatu waliingia kwa sarakasi, wakipandana mabegani. Sanaa ambayo vijana wetu wa miaka ya 1960 walipelekwa China kuisomea. Zeze lililia kila mtemi alipotetemeka mbele ya mzimu wa Banko. Watu walivunjika mbavu.

Mimi nilinuna. Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mawazo mazito. Leo mauaji ya mfalme yafanywe mzaha?

Njiani nilimweleza mama hayo yote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, umesahau mazishi ya baba yako?"

Sikuwa nimesahau. Mtani wetu alifika amevaa kofia na koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akatugombeza kwa sauti yake kwamba tumemlaza chini bila kumpa chakula cha jioni. Tulicheka hadi machozi yakatutoka, na machozi yale yakageuka kilio. Mama, ambaye tangu siku ya kifo alikuwa amekaa kimya kama jiwe, alilia kwa mara ya kwanza. Kisha akaomba uji.

"Na pale walipouawa mama yule na wanawe," akaendelea, "ni nani aliyecheka?"

Kweli, hakucheka mtu. Zeze lilinyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza nalo. Mama alinishika mkono gizani, na mimi nilidhani anaogopa.

Basi, ndugu msomaji, vijana wa mtaani kwako wakiigiza tanzia kwa mzaha, usiharakishe kununa kama nilivyofanya mimi. Wapeleke wazee na watoto. Cheka pamoja nao, kisha usikilize ni wapi ukumbi utakaponyamaza.