Ua Wetu na Njia ya Majirani



Kwetu Luberizi, mwezi wa sita ukiingia, mvua hukatika na uwanda wa Ruzizi hubadilika rangi. Nyasi hukauka, vumbi hutua juu ya mabati, na akina mama huhesabu bidoni za maji kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote.

Katika hali hiyo tuliamua, sisi watoto wanne pamoja na mama yetu, kutengeneza bustani nyumbani. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini na kukuta kiwanja kimebaki wazi. Tulitamani mambo mawili: mboga wakati wa kiangazi, na mahali ambapo mama angeweza kuketi jioni asitazamwe na kila mpita njia. Anayejua maisha ya kulala chini ya hema, bega kwa bega na wageni, ataelewa kwa nini tuliitamani faragha kama mtu atamanivyo chakula.

Tuliipanga kazi kwa makini. Matuta hatukuyainua, bali tuliyachimba chini kidogo ili yashike kila tone. Juu ya udongo tulitandaza mabua ya mpunga, jua lisiunyonye unyevu. Tulizika vyungu visivyopakwa rangi, shingo tu zikionekana, tukavijaza maji na kuvifunika. Udongo ukikauka, maji hupenya taratibu ukutani mwa chungu na kuifikia mizizi ya lengalenga na bilinganya. Migomba tuliiweka nyuma ya bafu, inywe maji ya kuogea. Mihogo na mbaazi, ambazo huvumilia ukame, tulizipanda pembeni.

Kisha tukaja kwenye ua. Tulichagua minyaa, kwa sababu kijiti chake hushika hata katika ardhi kavu na mbuzi hawaugusi. Tuliipanda kuzunguka kiwanja chote, bila kuacha pengo. Hapo ndipo tulipokosea. Tangu zamani, majirani wa nyuma yetu walipita ukingoni mwa kiwanja chetu kwenda bombani. Tuliifunga njia yao, wala hatukumwuliza mtu. Tulijiambia kwamba kiwanja ni chetu, na hilo lilikuwa kweli.

Alasiri moja ya kiangazi cha pili, mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka sita, alijaribu kupenya kwenye ua na kidumu chake mkononi. Tawi likavunjika, na utomvu mweupe wa mnyaa ukamwingia jichoni. Mlio wake hatujausahau. Mama alimshika kichwa, nasi tukamwagia maji jichoni bila kukoma, bidoni ya kwanza, ya pili, ya tatu: maji yote tuliyoyaweka kwa ajili ya bustani. Kisha tukambeba hadi kituo cha afya. Siku tatu hakuona kwa jicho lile. Siku ya nne akaona, nasi tukapiga magoti.

Bibi yake alipokuja, tulitarajia maneno makali. Alisema tu: “Wanangu, mngetuambia, tungewasaidia kupanda.”

Jumamosi iliyofuata tuling'oa minyaa ya upande ule, mikono na macho tukiyakinga, na majirani wakaja na majembe. Mahali pake tulipanda mbaazi na mchaichai, tukaacha njia ya upana wa watu wawili wenye bidoni kichwani. Mama bado ana kivuli chake: mbaazi zikirefuka, haonekani akiwa ameketi. Wapitao humsalimu kwa sauti, naye huwaitikia bila kuinuka.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, ili maua na majani ya porini yaote, na watu wayaonapo wamkumbuke Muumba. Sisi sehemu yetu isiyolimwa ni ile njia. Haizai mboga hata moja. Lakini kila alfajiri tunasikia nyayo za watu wanaokwenda kuteka maji, na mara nyingi mmoja wao ni mtoto yule.

Hatusemi kwamba ua ni dhambi. Nyumba inahitaji mlango, na familia inahitaji mahali pake pa siri. Tulichojifunza ni kwamba haki yetu juu ya kiwanja haikutuondolea wajibu wa kuuliza nani anapita hapo.

Kwa tafakari katika kundi: Je, katika nyumba zetu, masomo yetu na urafiki wetu, ni njia ya nani tuliyoifunga bila kumwuliza? Na ni nani tutakayemwendea wiki hii kumwomba radhi?

Ee Bwana, utufundishe kulinda bila kujeruhi. Amina.